Umepasuliwa jipu la Crohn pembeni ya njia ya haja kubwa: namna ya kukiuguza kidonda nyumbani, hatua kwa hatua

Assalam alaykum. Mie ni muuguzi hapa Pemba, kazi yangu kubwa ni kusafisha na kufunga vidonda vya watu waliotoka chumba cha operesheni, na leo naandika kuhusu kidonda ambacho watu wanaona haya kukitaja hata mbele ya dakta. Operesheni yenyewe ndogo, wengi wanarudi nyumbani siku ile ile au kesho yake, lakini kuuguza ndo kazi, na kinachoharibika mara nyingi kinaharibikia nyumbani kwasababu mgonjwa hakuelezwa, au alielezwa usingizi wa dawa haujamtoka.

Kwanza ujue umefanyiwa nini. Crohn (jina la dakta Burrill Crohn wa New York, yeye na wenzake wawili ndo walioueleza mwaka 1932) ni ugonjwa unaofanya utumbo uvimbe na utoke vidonda, na haushiki utando wa ndani peke yake, unapenya unene wote wa ukuta wa utumbo, ndo mana unaweza ukatoboa kijinjia kutoka ndani mpaka ngozi ya nje. Hicho kijinjia ndo fistula, sio ile ya uzazi, ile ni maradhi mengine kabisa. Kikiziba usaha unajikusanya unakuwa jipu. Dakta amelipasua usaha utoke na kidonda hakukishona, amekiacha wazi kwa makusudi, na kama ameiona fistula huenda amepitisha uzi laini, setoni, unaoingilia kwenye kidonda na kutokea tundu ya haja kubwa, akaufunga legelege kama pete.

Kwahiyo hatua zote hapa chini zina lengo moja, kidonda kibaki wazi juu mpaka nyama ijae kutoka chini. Ngozi ikiwahi kufunga juu na chini bado kuna shimo, usaha utarudi na wewe utarudi kwenye kisu.

Hatua ya 1: siku ya kwanza
Lala ubavu, kunywa maji, usiendeshe gari wala vespa kwa saa 24 baada ya dawa ya usingizi. Damu kidogo na majimaji ya rangi ya manjano kwenye gozi (kitambaa chepesi cha kufungia kidonda) ni kawaida. Hakikisha umekojoa, mana baadhi ya watu mkojo unakataa baada ya operesheni za huku, na kama kibofu kimejaa na mkojo hautoki usivumilie, rudi spitali. Gozi iliyojazwa ndani ya kidonda usiivute mwenyewe kavu kavu, mwachie muuguzi, na meza dawa ya maumivu kama nusu saa kabla hajaanza kukufungua.

Hatua ya 2: kukalia maji
Hii ndo dawa kubwa kuliko zote na haina gharama. Tafuta beseni pana, iwe yako peke yako, isifuliwe nguo wala kuoshewa samaki. Maji ya kisima yachemshe kisha yaache yawe ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko sio kwa vidole. Kaa dakika 10 mpaka 15, mara 3 kwa siku, na kila ukitoka chooni. Chumvi sio lazima, maji matupu yanatosha. Ukimaliza kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini kisafi, usisugue.

Hapa nasema na bibi na mama wa nyumba kwa heshima zote, najua mnamtakia mgonjwa wenu kheri: mafuta ya karafuu, habasoda, majivu, spiriti, Dettol, hivyo vyote visiingie kwenye kidonda hichi. Mafuta ya karafuu tunayajua Pemba na yana kazi zake, lakini kwenye nyama mbichi yanaunguza, na nyama iliyoungua ndo inachelewa kujaa.

Hatua ya 3: kuvika
Weka gozi safi kavu juu ya kidonda, usiisokomeze ndani isipokuwa umeelekezwa hivyo, halafu vaa pedi kwenye chupi. Wanaume wanaona aibu na pedi, jamani hakuna kitu kinachoshika majimaji vizuri kama hicho, vaa na kanzu au msuli wako juu hakuna anayejua. Ikilowa badilisha. Osha mikono kabla na baada.

Hatua ya 4: kama una uzi
Uzi utakaa wiki nyingi, wengine miezi, na kazi yake ni kuiacha njia wazi usaha usipate pa kujikusanya. Utatoa uchafu kidogo kila siku na hiyo ndo dalili kwamba unafanya kazi. Oga nao, kalia maji nao, unaweza kuuzungusha taratibu ukiwa majini kama fundo linakuchoma, lakini usiuvute na usiukate. Ukikatika au ukatoka wenyewe sio dharura ya usiku, ila siku ya pili nenda ukamwambie dakta aliyekupasua.

Hatua ya 5: dawa
Kwa maumivu, paracetamoli. Mtu mzima mwenye ini zima anaweza kumeza vidonge 2 vya mg 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki, hizi tunazonunua dukani bila kufikiri, mwenye Crohn aziepuke mana zinaweza kuuamsha ugonjwa wa utumbo, na hata mhudumu wa duka la dawa akikupa mwambie hapana nina Crohn. Ukiandikiwa metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, mdomo utakuwa na ladha ya chuma na mkojo unaweza kuwa mweusi mweusi, usiogope, ila ukihisi ganzi miguuni sema. Siprofloksasini, nayo ya kuua vijidudu, usiimeze pamoja na maziwa, na kano ya kisigino ikianza kuuma iache na umpigie dakta. Na kama ulikuwa unatumia prednisoloni (steroidi ya kutuliza uvimbe) kwa muda usiikatishe ghafla eti kwasababu umepasuliwa, mwili unakuwa umezoea kupewa na hauwahi kutengeneza homoni ya kwake, unaweza kuanguka.

Hatua ya 6: kula na kwenda choo
Usijinyime kula ili usiende choo, wengi wanafanya hivi na wanazidi kudhoofika na kidonda hakipati cha kujengea. Samaki wa kuchemsha, mayai, wali laini, uji, ndizi mbivu. Urojo na achari na pilipili viache kwanza, vitakuchoma ukitoka navyo. Ukiharisha kunywa ORS. Kama uliambiwa utumbo una mahali pamebana, jihadhari na vyenye nyuzi, muhogo wenye mizizi, embe za nyuzi, mahindi ya kuchoma. Choo kikiwa kigumu usikamue, na usijinunulie dawa ya kulainisha bila kumuuliza dakta. Karatasi kavu ya kufutia iache, maji tuliyozoea kujitawazia ndo bora zaidi.

Hapo hapo kuna suala la sala ambalo naulizwa sana. Majimaji yanayotoka kila saa hayakuondolei sala, mashekhe wetu wa Kishafi wanaeleza kwamba mwenye udhuru wa kudumu anajisafisha, anavaa kizuizi, anatia udhu baada ya wakati kuingia kwa kila sala ya faradhi, na kama kusujudu kunauma anasali kwa kukaa. Na saumu mgonjwa ana ruhusa ya kulipa baadae, kamuulize shekhe wako na dakta wako pamoja.

Hatua ya 7: kutembea na safari
Tembea kila siku, kidogo kidogo. Baiskeli, bodaboda na kubeba ndoo bado. Ukisafiri kwa meli Mkoani hadi Unguja chukua mto laini, simama mara kwa mara, na weka gozi na pedi mkobani. Kuogelea baharini subiri mpaka dakta aseme.

Rudi spitali siku hiyo hiyo ukiona: homa ya 38 au zaidi, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uvimbe mpya, usaha unaonuka unaozidi, damu inayolowesha pedi moja baada ya nyingine, au mkojo kukataa. Ukiwa Wete, Chake Chake au Mkoani anza na hospitali iliyo karibu, usingoje meli ya kwenda Mnazi Mmoja.

Hatua ya 8: kliniki
Watu wakishapona kidonda wanapotea. Operesheni imetoa usaha tu, Crohn bado ipo, na bila ya kutibiwa yenyewe jipu jingine linakuja. Huko utazungumzia dawa za kutuliza kinga ya mwili kama azathioprini au infliksimabu, na kabla ya infliksimabu lazima upimwe kifua kikuu kwasababu inaweza kukiamsha kilicholala, na kwetu ni muhimu zaidi mana TB ya utumbo inafanana sana na Crohn. Beba karatasi ya operesheni, dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, na ukiulizwa kuhusu sigara sema kweli, sigara inaizidisha Crohn na dakta anahitaji kujua hilo anapokuchagulia dawa.