Somo: Kuchora injini ya aktini ya kimelea cha malaria bila kukirudisha kinyumenyume

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma kiungo tu. Swali ni lile lile: "Nimechora nyuzi za aktini (protini inayojipanga kuwa nyuzi) za Plasmodium, kimelea cha malaria, mbona kimelea changu kinarudi nyuma?" Kinarudi kwa sababu mishale yako imegeuka. Chukua penseli na kifutio.

Hatua ya 1. Chora sporozoiti, yaani kimelea katika hatua ya kuingizwa mwilini na mbu, umbo la mwezi mwandamo. Andika MBELE na NYUMA. Usikichoree mkia wa kuogelea, hakina.

Hatua ya 2. Chini ya utando wa nje chora utando wa ndani. Nafasi kati yake ni takriban nanomita 30, na injini ya mwendo imo humo. Ukiiweka katikati ya seli, futa.

Hatua ya 3. Weka nyuzi, na ziwe fupi. Molekuli za aktini hushika ATP (molekuli ya nishati ya seli), hupangana safu mbili zilizosokotana, ndio uzi. Aktini ya misuli hufikisha mikromita nzima na kuzidi. Aktini I ya Plasmodium kwenye mrija wa maabara hutoa vijiuzi vya nanomita 100 hivi, kisha vinabomoka. Hata muundo wake ulipopatikana kwa undani mwaka 2017 kwa hadubini ya elektroni, ilibidi nyuzi zishikizwe kwanza kwa jasplakinolidi, kemikali inayoimarisha nyuzi za aktini, zisivunjike. Kwa hiyo ile kamba ndefu kutoka mbele hadi nyuma, ambayo kila mtu huichora, haipo.

Hatua ya 4. Maiosini A, protini inayovuta nyuzi za aktini: mkia kwenye utando wa ndani, kichwa kinatazama nje kushika uzi.

Hatua ya 5. Soma mara mbili. Hapa ndipo michoro mingi hufia. Uzi wa aktini una ncha mbili zisizofanana: chanya, inayokua haraka, na hasi. (Si chaji za umeme, tafadhali.) Nyuzi huanzishwa na protini iitwayo formini 1 kule mbele, kwa hiyo ncha chanya zinatazama MBELE. Maiosini A hupiga hatua kuelekea ncha chanya, yaani nayo inataka kwenda mbele. Sasa wengi huchora mshale wa uzi kuelekea mbele pia, na mambo yanaharibika. Maiosini imefungwa kwenye mwili wa kimelea, haiwezi kuondoka peke yake. Mfikirie mtu aliyekaa mtumbwini akivuta kamba iliyofungwa kwenye mti ulio mbele: kamba inapita mikononi kuelekea nyuma, mtumbwi unasonga mbele. Maiosini ni mvutaji, uzi ni kamba. Mshale wa uzi: NYUMA. Mshale wa kimelea: MBELE. Onyo: usigeuze ncha za uzi ili mishale "ipendeze". Onyo la pili: ukiifunga maiosini kwenye utando wa nje, hesabu yote inapinduka.

Hatua ya 6. Kamba bila mti haivuti kitu. Unganisha uzi na protini iitwayo GAC, GAC na mkia wa TRAP (protini inayopenya utando wa nje), na TRAP ishike ngozi au kioo kule nje. TRAP ikifika nyuma, kimeng'enya huikata, la sivyo kimelea kingenasa.

---

Haraka: Kwa kifupi aktini ndiyo inasukuma? Nina mtihani.

Mwandishi: Hapana. Hatua ya 5.

Haraka: Lakini kitabu changu kinasema nyuzi husukuma utando kwa kukua.

Mwandishi: Kitabu chako kinaeleza seli zinazotambaa kwa kunyoosha utando wake. Sporozoiti hainyooshi kitu, na inateleza mikromita 1 hadi 2 kwa sekunde. Somo langu ni la huyu mmoja.

Maabara: Nimepaka faloidini (rangi inayoshika nyuzi za aktini) kwenye seli nyekundu zilizoambukizwa, zimeng'aa. Si nimeona aktini ya kimelea?

Mwandishi: Uliweka seli zisizoambukizwa pembeni za kulinganishia? Hukusema. Seli nyekundu ina vijiuzi vyake yenyewe chini ya utando, na faloidini haikamati vizuri aktini ya kimelea. Jaribu kromobodi: kipande cha kingamwili kilichounganishwa na protini ing'aayo, kinachotengenezwa na kimelea chenyewe kikiwa hai.

Mdadisi: Merozoiti (kimelea katika hatua ya kuvamia seli nyekundu) ikinyimwa aktini, inakwama hatua gani?

Mwandishi: Swali la maana hili. Mwaka 1979 merozoiti za P. knowlesi ziliwekewa sitokalasini B, kemikali inayozuia nyuzi za aktini: zikashika seli nyekundu, zikaishia mlangoni. Baadaye jeni ya aktini I ilipoondolewa kwenye P. falciparum, merozoiti hazikuingia pia. Likajitokeza jingine: apikoplasti, kijisehemu cha ndani ya seli ya kimelea, haikugawiwa sawasawa kwa watoto wa kimelea. Huko anahusika formini 2. Ukitaka kuendelea, tazama aktini II, aina ya pili ya aktini ya kimelea: hutokea hatua za kijinsia na ndani ya mbu, na bila yake gameti dume hazikamiliki.

Mbu_Jike: Nje ya mada kidogo. Selimundu inaingiliana na haya?

Mwandishi: Kwa aktini ya mwenyeji, ndiyo. Kimelea hunyakua aktini ya seli nyekundu na kuitumia kujenga njia ya kupeleka protini zake za kunata hadi juu ya seli. Utafiti wa 2011 ulionyesha kwamba kwenye seli zenye himoglobini S (ile ya selimundu) au C njia hiyo huharibika. Ni sababu mojawapo, si yote.

Mdadisi: Mimi hukata uzi kwenye kipande cha karatasi na kukitelezesha juu ya mchoro. Mwelekeo unaonekana bila mishale.

Mwandishi: Bora kuliko mchoro wangu. Andika alama ya + kabla ya kukata, vipande vikichanganyika hutajua ncha ipi ni ipi.