Jinsi ya kukusanya kadi za zamani za Roberto Clemente moja moja bila kupigwa

Kama una mchezaji mmoja wa besiboli unayempenda kuliko wote na unataka kadi zake za zamani, zile za karatasi ngumu zilizochapwa picha ya mchezaji, mi nakushauri usianze na kadi yake. Anza na kadi ya mwenzake ambaye leo hakuna anayemkumbuka, ya mwaka uleule na kampuni ileile, ile ambayo wauzaji wanaitoa karibu na bure. Sababu utaiona huko mbele, kwanza nikuoneshe mchezaji wangu maana bila mfano haya maneno yatabaki hewani.

Wangu ni Roberto Clemente, mtu wa Carolina kule Puerto Rico, jezi namba 21, alicheza uwanja wa nje upande wa kulia pale Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu ya Marekani, kuanzia 1955 mpaka 1972. Hiti zake za ligi, yaani mara alizopiga mpira akafika kituoni salama, ni 3,000 kamili, ya mwisho aliipiga tarehe 30 Septemba 1972, halafu tarehe 31 Desemba mwaka huohuo akapanda ndege iliyobeba misaada ya watu waliokumbwa na tetemeko la Managua, Nicaragua, na ile ndege ikaanguka baharini. Kadi yake ya 1973 ilitoka mwenyewe ashafariki. Kila nikiishika nanyamaza kidogo, kwa kweli siwezi kuizoea.

Sasa kazi yenyewe. Kaa chini uandike orodha kabla hujatoa hata senti, na uamue mapema ukisema "nimemaliza" unamaanisha nini. Kwa Clemente njia iliyonyooka ni kadi za kawaida za Topps, kampuni ya Marekani inayochapa kadi hizi, moja kila mwaka, 1955 mpaka 1973, jumla 19. Ya 1955 ni namba 164, ya 1956 ni 33, ya 1957 ni 76, 1958 ni 52, na kuendelea hivyo mpaka ya 1973 ambayo ni namba 50. Mwaka 1972 anazo mbili, 309 ya kawaida na 310 inayomuonesha akiwa mchezoni, kwa hiyo ukitaka zote mbili unahesabu 20. Halafu kuna zile za vinara wa wastani wa kupiga ambazo anagawana na wachezaji wengine, kuna za kampuni nyingine, kuna za majaribio ambazo watu wanazitafuta maisha yao yote na hawazipati. Hizo ziache kwanza. Wengi nimeona wanakata tamaa kwa sababu orodha ilikuwa haina mwisho, wakati 19 inahesabika na kila moja inayoingia unaona kabisa umesogea.

Namba ya kadi usiichukulie kama pambo. Miaka ile Topps walikuwa hawatoi seti yote siku moja, walitoa kwa mafungu msimu mzima unavyoenda, na fungu la mwisho likifika watoto washaanza kufikiria shule na futiboli ya Marekani, maduka yanaagiza kidogo, kwa hiyo kadi zenye namba za juu zilibaki chache. Ya Clemente ya 1963 ni namba 540, iko kwenye fungu la mwisho, ndo maana inasumbua kuliko ya 1964 japo kwa macho tu huoni kwa nini iwe hivyo. Ukijua hili hutashangaa bei na wala hutadhani muuzaji anakuonea.

Jambo lingine dogo ila litakusaidia sana ukitafuta mtandaoni: karibu miaka yote ya 1960 Topps walimuandika Bob Clemente, mpaka 1970 ndo akarudi kuwa Roberto. Mi hilo jina Bob linanikera kwa niaba yake, alikuwa anajivunia kwao na anajiita Roberto, lakini wauzaji wengi wanaandika kama kadi ilivyoandikwa, kwa hiyo tafuta majina yote mawili na hata yaliyokosewa herufi. Kadi iliyoandikwa vibaya haionekani na wengi na mnada wake unaisha kimyakimya.

Mpangilio wa kununua: anza mwisho urudi nyuma. 1973, 1972, 1970, 1969, hizo ndo za kujifunzia, ukikosea hapo maumivu yake yanavumilika. Ya 1955 ndo kadi yake ya kwanza kabisa, kila mtu anaitaka, iache mpaka macho yako yamekomaa. Najua inavuta, najua unataka kuanza na ile kubwa ili ujisikie umeingia, lakini ndiyo hiyohiyo matapeli wanaihangaikia zaidi.

Kuhusu hali ya kadi, watu wanaangalia vitu vinne: picha imekaa katikati au imeegemea upande, pembe, kingo, na uso wenyewe. Kampuni kama PSA, iliyoanza 1991, zinapima kadi, zinaipa alama 1 mpaka 10 na kuifungia kwenye plastiki ngumu, na ni msaada mkubwa hasa kwa kadi za bei, ila usinunue namba ukasahau kadi. Mi nachukua 3 iliyokaa katikati vizuri, rangi inawaka, uso wa Clemente msafi, kuliko 5 iliyolala upande mmoja kama picha iliyotundikwa na mtu mwenye haraka. Ile 3 labda ina mkunjo mdogo nyuma ambao hata huuoni ukiwa umeiweka mezani. Tafuta kasoro unayoweza kuishi nayo, kila mtu ana yake, mi pembe za mviringo hazinisumbui kabisa lakini mstari unaokatiza usoni siutaki hata kwa bei ya zawadi.

Sasa turudi kwa yule mchezaji asiyekumbukwa. Niliwahi kununua Clemente ya 1965, muuzaji kasema imetunzwa vizuri, pembe kali kama wembe, mi furaha tele. Ilipofika nikaitoa, nikachukua kadi moja ya kawaida ya 1965 niliyokuwa nayo, nikazipanga pamoja nikazigonga taratibu mezani kama mtu anayenyoosha karata. Upande wa juu ya Clemente ikazama chini ya mwenzake, kitu kama unene wa unywele hivi, lakini ilizama. Ilikuwa imekatwa, mtu kachukua kisu akaondoa kingo zilizochakaa ili pembe zionekane mpya. Rula isingenionesha vizuri vile, na bila kadi ya kulinganisha ningeishi nayo miaka najisifia.

Kwa hiyo kwa kila mwaka unaoutafuta nunua kwanza hiyo kadi mwalimu. Ishike, jua unene wake, jua karatasi ya nyuma ina rangi gani na ikoje ukiipapasa, jua inavyopokea mwanga. Halafu tafuta lenzi ndogo ya kukuza, ile ya mafundi wa vito inatosha, uangalie maandishi meusi na mistari ya fremu. Kwenye kadi orijino wino wa mistari hiyo umekaa mzima, umejaa, wakati picha imeundwa na vidoti vya rangi. Kwenye feki nyingi mtu alipiga picha kadi nzima akaichapa upya, kwa hiyo hata herufi zinageuka vidoti, kingo zake zina ukungu. Ukishaona tofauti mara moja hutaisahau.

Baadaye zima taa ya juu, washa taa moja pembeni, inamisha kadi polepole mwanga uipitie kwa mshazari. Mikunjo iliyobanwa ikalala ndo inaibuka hapo, picha ya kawaida ya mtandaoni haiwezi kuionesha. Muombe muuzaji picha ya namna hiyo kabla hujalipa, anayekataa bila sababu muache aende. Ya 1971 iangalie kipekee kwa kuwa fremu yake ni nyeusi na kila kijeraha kinaonekana cheupe, watu wanapaka kalamu nyeusi kuficha. Igeuze uone ubavu wake, pale kwenye unene wa karatasi: wino wa kiwandani unakaa juu tu, ukikuta ubavu nao umetiwa weusi basi kuna mkono umepita.

Na ujue mwaka 1998 Topps wenyewe walichapa upya kadi zote 19 za Clemente. Hizo ni halali na kama bajeti ni ndogo zinapendeza sana kwenye albamu, kosa ni pale mtu anapoisugua na kuichafua ili akuuzie kama ya zamani. Mwalimu wako wa mwaka husika atakuambia ukweli ndani ya sekunde kumi.

Kuhifadhi hakuna maajabu, kila kadi iingie kwenye kimfuko laini halafu kava ngumu, plastiki isiwe ya PVC maana baada ya miaka inatoa mafuta na kuharibu uso, weka mbali na jua na unyevu. Ila hapa pana mtego mmoja: kadi za 1955 na 1956 ni kubwa kuliko zilizofuata, zina upana wa karibu milimita 67 kwa 95, wakati kuanzia 1957 ni karibu 64 kwa 89. Kava za kawaida zimetengenezwa kwa hiyo saizi ndogo. Nunua za saizi yake mapema, zikukute nyumbani kabla kadi haijafika, maana ukiilazimisha Clemente ya 1955 kwenye kava ya 1957 pembe iliyovumilia tangu siku hizo inaweza kukunjika mkononi mwako.