Kuandaa jina la mfungwa kabla ya mazungumzo ya mataifa hasimu

Nimeandaa orodha za wafungwa wa kisiasa kwa ajili ya vikao vya mataifa hasimu, na kosa linalojirudia ni hili: ujumbe unafika na hotuba kali, lakini hauna ombi ambalo mwenyeji, yaani serikali inayomshikilia mfungwa, anaweza kulitekeleza. Mfungwa anabaki ndani. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Pata ridhaa ya familia. Wao ndio watakaogongewa mlango usiku. Wakikataa jina lisitajwe, lifute.

Hatua ya 2: Andika jina kama lilivyo kwenye faili la gereza. Kwa mfungwa wa China, herufi za Kilatini hazitoshi. Majina mengi tofauti ya Kichina huandikwa sawa kwa Kilatini. Weka herufi za Kichina, mwaka wa kuzaliwa, mahakama, shtaka, kifungo na gereza. Heri majina matano kamili kuliko hamsini ya kubahatisha. Ofisa wa upande wa pili akikuta kosa katika moja, ataweka kando orodha nzima.

Hatua ya 3: Shika maandishi yenye saini ya mwenyeji. Tarehe 1 Agosti 1975 kule Helsinki, Umoja wa Kisovieti na nchi nyingine 34 zilisaini makubaliano yaliyotaja haki za binadamu waziwazi. Mei 1976, mwanafizikia Yuri Orlov na wenzake wakaunda kikundi Moscow cha kuidai serikali yao ahadi hiyo. Kagua na upande wako pia. Chukua Marekani na China: Marekani imeridhia, yaani imekubali kufungwa kisheria na, mkataba wa haki za kiraia na kisiasa. China iliusaini 1998, haijauridhia. Mkataba wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni ni kinyume chake: China imeuridhia, Marekani iliusaini 1977 ikaishia hapo. Ukikosea mkataba, utanyamazishwa kwa sentensi moja.

Hatua ya 4: Mtafutie mwenyeji mlango wa kutokea. Hapa ndipo ninapotumia siku nyingi zaidi. Hakuna dola kubwa itakayokiri mbele ya hasimu wake kwamba mahakama yake ilidhulumu mtu.

Tazama kesi ya Anatoly Sharansky, mtetezi wa haki za binadamu wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 1978 alihukumiwa miaka 13 kwa madai ya kuwa jasusi wa Marekani, na Washington ikakana. Tarehe 11 Februari 1986 akaachiwa kwenye daraja la Glienicke, kati ya Berlin Magharibi na Potsdam ya Ujerumani Mashariki, siku ileile ya kubadilishana majasusi. Wamarekani walishikilia kwamba avuke peke yake, kabla ya wengine, asihesabiwe miongoni mwa majasusi. Moscow ikabaki na simulizi yake, Washington na yake, naye akawa huru. Utaratibu ule wa dakika chache ulikuwa na thamani kuliko hotuba zote.

Mlango mwingine ni ugonjwa. Novemba 1997, majuma machache baada ya Rais Jiang Zemin wa China kuzuru Marekani, Beijing ilimwachia mpinzani wa kisiasa Wei Jingsheng kwa sababu ya matibabu, ikampandisha ndege kwenda Marekani. Lakini huko kulikuwa pia kupelekwa uhamishoni. Muulize mhusika, kupitia familia, kama yuko tayari kuishi mbali na kwao. Usimwamulie.

Hatua ya 5: Kubalianeni nani atanyamaza, na hadi lini. Waumini saba wa Kipentekoste kutoka Siberia walikimbilia ubalozi wa Marekani Moscow mwaka 1978, wakaishi humo miaka. Februari 1983, Rais Reagan wa Marekani alimwomba Dobrynin, balozi wa Kisovieti, waruhusiwe kuondoka, akaahidi kutojigamba. Mwaka huohuo waliondoka, na ahadi ikatunzwa. Mimi hupanga tarehe ya mwisho. Ikipita bila jibu, ninarudi kwa familia kuuliza kama sasa tuseme hadharani.

Hatua ya 6: Uliza tena. Baada ya mfungwa kuachiwa, mwandikie mwenyeji barua fupi: je, mkewe amepewa pasipoti? Waliokamatwa pamoja naye wako gereza gani? Majina yao yaanze orodha ya kikao kijacho.