Somo: Namna ya kuandaa mkutano wa ushuhuda wa familia za waliotoweshwa

Kila ukikaribia mwezi wa Agosti ninaulizwa maswali yale yale kuhusu tarehe 30, siku ambayo Umoja wa Mataifa umewatengea waathiriwa wa kutoweshwa kwa nguvu. Ninaandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrejesha hapa. Ninaeleza tunavyofanya Mombasa. Aliye nje ya Kenya asome sheria za kwao.

Hatua ya 1. Chagueni uwanja ambao familia zenyewe zinaweza kuufikia kwa miguu.

Hatua ya 2. Pelekeni taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya mkutano, kama inavyotaka Sheria ya Utulivu wa Umma. Iandikeni jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na mahali. Saa ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, kwa hiyo anayepanga kuonyesha video uwanjani ajue kwamba giza litakuwa halijaingia. Sisi uwanjani husikilizisha sauti tu.

Hatua ya 3. Jaribuni vipaza sauti na jenereta siku moja kabla.

Hatua ya 4. Kurekodi ushuhuda. Hapa ndipo nilipoharibu. Mwaka wetu wa kwanza nilimrekodi mama aliyesimulia jinsi mwanawe alivyochukuliwa usiku na watu waliovaa kiraia. Aliomba uso wake usionekane, nami nikamkalisha akiipa kamera mgongo, nikadhani nimemaliza. Mbele yake, kwenye kamba, ilikuwa imeanikwa leso yake, na jina la leso likisomeka herufi kwa herufi. Sauti yake nayo sikuibadilisha. Siku mbili hazikupita video ikawa imezagaa katika makundi ya WhatsApp, na kijana asiyemjua akamfuata mlangoni kumwambia apunguze maneno. Ilimbidi ahamie kwa dada yake miezi minne. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tangu hapo tunaomba ridhaa mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya mhusika kuisikiliza rekodi na kuilalia usiku mmoja. Tunamuuliza kwa lugha anayoielewa vizuri, kiwe Kidigo au Kigiriama, na tunatenganisha maswali, kwa sababu anayekubali kusikika uwanjani huenda hataki redioni, na wa redioni huenda hataki intaneti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuiondoa ridhaa yake wakati wowote, lakini hakuna sheria inayoirudisha video iliyokwishasambazwa. Kagueni kila kilicho ndani ya picha: leso, rangi ya mlango, sare ya shule, nambari ya gari. Na mtuhumiwa asitajwe jina kabla wakili hajaisikia rekodi.

Hatua ya 5. Redio ya jamii ipelekeeni kipande cha dakika tatu, si cha saa nzima.

Maswali ya wanachama

*Nimesoma harakaharaka. Kibali kinatolewa wapi, na ni shilingi ngapi?*
Ukisoma polepole utaona nimeandika taarifa, sikuandika kibali.

*Na mkuu wa kituo akikataa kuipokea, au akisema uwanja umeshachukuliwa?*
Umeuliza jambo la maana. Nendeni wawili, na nakala mbili, moja mrudi nayo ikiwa imepigwa muhuri. Akikataa, andikeni saa na nambari yake ya kazi, kisha mwoneni wakili siku hiyo hiyo, maana kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda haki ya kukusanyika kwa amani. Akisema kuna wengine waliotangulia, ombeni kwa adabu kuliona daftari la taarifa. Sheria inamtaka aliweke wazi kwa umma saa za kazi. Mara moja tuliliomba, na uwanja ukapatikana.

*Kenya inabanwa na mkataba wa kimataifa kuhusu kutoweshwa kwa nguvu?*
Ilitia saini mwaka 2007, lakini saini pekee haitoshi bila kuridhia. Jukwaani sisi hutegemea kifungu cha 49 cha Katiba: aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata muda huo ukiisha mahakama ikiwa imefungwa. Hata mtoto hulielewa hilo.

*Familia moja haitaki kuzungumza, na bila wao mkutano hautakuwa na uzito. Tuwashawishije?*
Msiwashawishi.

*Sisi tuko ufuoni, na rekodi zetu zimejaa upepo.*
Ivisheni maikrofoni soksi safi ya sufu, kisha rekodini chumbani palipo na kitanda na mapazia, feni ikiwa imezimwa.

*Naongezea: ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, sauti isibanwe.*
Ahsante, hilo sikulitaja. Na angalieni saa za swala kabla hamjaanza, kwa sababu adhana ikiingia katikati ya maneno, wenyeji humtambua mwadhini kwa sauti, na mtaa ukawa umeshajulikana.