"Kichwa changu kiko wapi?" Namna ya kumrekodi mwanamke akiwa kazini

Kazi yangu ya kwanza ya sanaa ya video ilikuwa ya dakika 4. Nilimrekodi shangazi yangu akikaanga samaki pale sokoni, hapa Bagamoyo: vidole vikigeuza vibua, jasho shingoni, khanga iliyokazwa kiunoni, visigino mchangani. Niliiona nzuri mno. Jioni nikampa simu aitazame. Akaitazama hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kichwa changu kiko wapi?"

Nilikuwa nimemgawa vipande kama anavyogawiwa mwanamke wa tangazo la sabuni, tena mimi mwanamke mwenzake. Tangu siku ile nafanya hivi.

Nenda kwanza bila kamera. Amkia, kaa, saidia kupaa samaki, rudi tena kesho yake. Ukishazoeleka, omba ruhusa, na uulize pia asichotaka kionekane. Shangazi alikataa mambo mawili: nisimrekodi akihesabu pesa, wala anapovua ushungi kujifuta jasho. Kama si ndugu yako, patana naye malipo mapema, kwa sababu kila anapokusikiliza wewe kuna mteja anapita.

Kisha tazama urefu wa kamera. Mkaanga samaki hukaa kigodani. Ukimrekodi umesimama utapata utosi na karai, na mtazamaji atamwinamia kama mnunuzi anayetaka kupunguziwa bei. Shusha stendi mpaka lenzi ilingane na macho yake; kwa shangazi ilikuwa kama sentimita 80 kutoka chini. Huna stendi? Pindua ndoo ya rangi, uegemeze simu juu yake.

Bahari yetu iko mashariki. Asubuhi ukimrekodi huku bahari ikiwa nyuma yake, uso unageuka kivuli. Wewe ndiye uipe bahari mgongo. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu na ushikilie kidole mpaka mwanga ujifunge, la sivyo simu itahangaika na moto na moshi, na ngozi yake itapotea. Anga ikiwa nyeupe tupu, iache. Funika maikrofoni kwa kipande cha sponji kwa ajili ya upepo, na uweke simu kwenye hali ya ndege usije ukapigiwa katikati ya kazi.

Sasa lile ninaloling'ang'ania: usikate. Karai moja la vibua, tangu kumimina mafuta hadi kuopoa samaki wa mwisho, lilichukua dakika 23. Nilirekodi zote kwa mkupuo mmoja, simu haikusogea. Andaa nafasi ya gigabaiti 3 hivi. Watu watakwambia inachosha. Lakini ukikata, wewe ndiye unayechagua mwanamke huyu awe nani; usipokata, kazi yake ndiyo inayopanga muda. Ndani ya dakika hizo alimkatalia mteja bei, akamfukuza paka, akanyoosha mgongo, akanikazia macho. Katika zile dakika 4 za mwanzo hakuna hata kimoja cha haya.

Mwaka 1975 Martha Rosler, msanii wa Marekani, alisimama jikoni mbele ya kamera isiyotikisika, akavitaja vyombo kwa mpangilio wa alfabeti na kuonyesha kila kimoja kwa mkono wenye hasira. Video hiyo, Semiotics of the Kitchen, ni ya dakika 6 hivi. Itafute, uone jinsi anavyoitazama kamera. Ila hasira yake usiiazime. Lile ni jiko la mwanamke aliyefungiwa ndani. Jiko la shangazi yangu ni biashara, limesomesha watoto watatu.

Ukikaa kuitazama tena video yako, andika kitenzi kimoja kwa kila tukio. Lugha yetu inasema mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na kamera nayo hufuata mkondo huohuo tusipoizuia. Ukisoma orodha yako ukakuta anatazamwa, anaonyeshwa, anasifiwa, rudi sokoni ukarekodi upya. Orodha ya video yangu ya pili, ile ya dakika 23, ilisomeka: anawasha, anakaanga, anakataa, anafukuza, anapumzika, anatazama. Muziki sikuweka. Mafuta yanachachatika vya kutosha.

Namna ya kuonyesha nayo ni sehemu ya kazi. Shirin Neshat, msanii mzaliwa wa Iran, mwaka 1998 katika kazi yake Turbulent alitundika skrini mbili zinazokabiliana: mwimbaji mwanamume yuko na ukumbi uliojaa wanaume, mwimbaji mwanamke anauimbia ukumbi mtupu, nawe unasimama katikati ukigeuza shingo. Mimi nilikuwa na projekta moja ya kuazima na shuka jeupe, uani kwetu Dunda, hapahapa Bagamoyo. Nililishusha shuka mpaka likagusa ardhi ili shangazi aonekane kwa kimo chake halisi, nikaondoa viti, nikaweka vigoda. Majirani wakakaa, macho yao yakalingana na yake.

Ruhusa ya uani usiichukulie kuwa ruhusa ya kila mahali. Kabla ya kupeleka video kwingine, muulize tena, na umwonyeshe ni wapi. Nilipomuuliza shangazi kuhusu maonyesho ya wasanii mjini alikubali. Nilipomuuliza kuhusu intaneti alisema, "Huko siwajui wanaokaa kigodani." Kwa hiyo haipo huko. Ukitaka kuiona, njoo Dunda.