Kutundika picha hosteli bila msumari

Wanangu mnaoishi wawili wawili hosteli za Kikoni na Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala, acheni selotepu: ikibanduliwa huondoka na rangi, na mwenye nyumba anakata kwenye amana. Fungeni kamba nyembamba ya katani kutoka nondo ya dirisha hadi nguzo ya juu ya deka (kitanda cha ghorofa), ivuteni ikaze, kisha mbane picha, ratiba, hata bendera ya Arsenal kwa vibanio vya nguo. Ukuta hauguswi, na picha mnabadilisha mpendavyo. Kioo msitundike, kamba italegea. Mvua ikinyesha dirisha likiwa wazi, karatasi za upande ule zitajikunja. Hapo wekeni vitambaa tu. Soksi mbichi si mahali pake, ingawa najua mtazianika.