Mnaotafiti mikondo ya madarasa Tanga
Kwa mnaoandika tasnifu kuhusu shule zinavyopanga wanafunzi kwenye mikondo (A, B, C) kwa uwezo hapa Tanga: matokeo ya Baraza la Mitihani hayaoneshi mkondo, msianzie huko. Mwombeni mwalimu wa taaluma orodha za mikondo pamoja na alama zilizotumika kupanga. Ziingizeni kwenye Excel, halafu watafuteni wasiokaa sawa: mwenye wastani wa 62 yuko C, wa 48 yuko A. Hao ndio wa kuhojiwa, na aliyewapanga pia. Hojaji peke yake haitawaambia kwamba mtoto alishushwa kwa utoro, au mzazi alikwenda kuongea na mkuu. Ila mwanafunzi msimhoji mbele ya mwalimu wake. Atajibu "tunasoma vizuri tu" mpaka kengele ilie.